Mji wa masikini uliopita miji tajiri kwa kusoma: Sobral walifanya nini, na sisi tunakwama wapi?

Mzee wa Chaki

Wakuu salaam.

Kila matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, yakitoka tunarudia ugomvi ule ule. Mmoja anasema shule ya kata haiwezi kufaulisha kwa sababu watoto wanatoka kaya masikini, hawajala, nyumbani hakuna taa, mzazi mwenyewe hajui kusoma. Mwingine anamjibu kwamba fulani alisoma kwa koroboi na leo ni profesa. Wa kwanza amefunga mjadala kabla haujaanza. Wa pili kaokota mtu mmoja kati ya elfu akamgeuza kuwa sera ya elimu. Leo tuache mtoto mmoja na shule moja, tuongelee mji mzima wa masikini ambao shule zake za serikali zilizipita shule za miji tajiri ya nchi yao.

Mji unaitwa Sobral, uko jimbo la Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazili. Ni ukanda wa ukame, ule ambao kwa vizazi watu wake wamekuwa wakikimbilia kusini kutafuta vibarua São Paulo. Una wakazi kama laki mbili. Wanafizikia wanaujua kwa sababu nyingine: tarehe 29 Mei 1919 Waingereza walifunga darubini zao hapo, wakapiga picha za nyota wakati jua limepatwa, na picha hizo zikaipa nguvu nadharia ya Einstein. Yaani mwanga wa nyota ulipimwa Sobral miaka themanini kabla mtu hajakaa chini kupima kama watoto wa Sobral wanajua kusoma.

Walipopima, ilikuwa aibu. Meya Cid Gomes aliingia mwaka 1997 na akaanza na yale tunayoyajua sote: madarasa mapya, uandikishaji juu. Miaka michache baadaye wakapima usomaji, wakakuta karibu nusu ya watoto waliomaliza darasa la pili hawasomi. Rangi ya ukuta mbichi, na mtoto anaangalia herufi kama anaangalia ukuta wenyewe.

Wangeweza kuikalia ile ripoti. Wao wakaifanya ndiyo kazi. Lengo likawa moja, la kueleweka hata na mlinzi wa shule: mtoto akimaliza darasa la pili awe anasoma, na wale waliokwisha kupita madarasa ya juu bila kusoma wafidiwe. Hakukuwa na mpango mkakati wa kurasa mia na maneno ya "kuinua ubora".

Halafu wakagusa pabaya, walimu wakuu. Zamani shule ilikuwa zawadi ya siasa. Mwanasiasa ana mtu wake, mtu wake anapewa shule. Wakafuta. Anayetaka kuongoza anafanya mtihani, anasailiwa, anachukuliwa kwa uwezo. Akishapata anakabidhiwa na fedha za kuendesha shule, na matokeo yanasomwa kwa jina lake. Vishule vidogo vya pembezoni, vile mwalimu mmoja anafundisha madarasa matatu chumba kimoja, vikaunganishwa na watoto wakawekewa usafiri. Hebu fikiria diwani wa kwetu anaambiwa shule ya kijijini kwake inafungwa!

Walimu wakawa na mafunzo ya kila mwezi, na mafunzo yenyewe yanahusu masomo wanayokwenda kufundisha, siyo semina ya kusaini posho. Vifaa vimepangwa hatua kwa hatua, mwalimu anajua Jumanne anafundisha nini na anatumia kitabu gani. Waliofikisha darasa kwenye lengo wanapata bonasi.

Kitu ninachokipenda zaidi ni upimaji. Mara mbili kwa mwaka wanakuja watu wa manispaa, siyo walimu wa shule ile. Kwa madarasa ya chini mtoto anaitwa peke yake, anakaa, anawekewa karatasi, anasoma kwa sauti. Maneno, kisha sentensi, kisha kihadithi kifupi. Hakuna kusiliba A, B, C, D na kuomba Mungu. Mtoto akikwama kwenye "nyumba" kila mtu pale amesikia kwamba amekwama kwenye "nyumba", na mwalimu wake anajua kesho aanzie wapi.

Brazili wana kipimo chao cha kitaifa kinaitwa IDEB, kinakwenda 0 hadi 10. Mwaka 2005 madarasa ya chini ya shule za msingi za Sobral yalipata 4.0, nafasi ya 1,366 kati ya manispaa za nchi. Mwaka 2015 wakashika namba moja. Mwaka 2017 wakafika 9.1.

Karibuni kwa hoja. Matusi pembeni.

---

Kipanga wa Bara

Mkuu, uzi mzuri ila unalinganisha mbingu na ardhi. Brazili ina fedha, ina lami, ina chakula cha shule. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza ana watoto 140 na chaki anajinunulia. Tupeni fedha kwanza halafu mje na Sobral yenu.

---

Mzee wa Chaki

Mkuu Kipanga, Brazili ni tajiri kuliko sisi, hilo halina ubishi. Lakini Ceará ni miongoni mwa majimbo masikini ya Brazili, na Sobral iliyapita majiji yenye fedha mara kadhaa ya zake. Kama fedha ndiyo ingekuwa jibu lote, São Paulo ingekuwa juu.

Na hili la "tupeni fedha kwanza" lilishajaribiwa hapa hapa Tanzania. Shirika la Twaweza pamoja na watafiti waliendesha jaribio lililoitwa KiuFunza mwaka 2013 na 2014, shule za msingi 350 katika wilaya 10, madarasa ya kwanza hadi la tatu. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto. Kundi la pili halikupewa ruzuku, ila mwalimu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu kila jaribio la Kiswahili, Kiingereza au hesabu, na mwalimu mkuu 1,000. Kundi la tatu lilipewa vyote viwili. La nne halikupewa kitu, la kulinganishia.

Ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Shule nyingine ziliweka akiba sehemu ya fedha, na wazazi waliposikia shule imepata, nao wakapunguza walichokuwa wanatoa. Bonasi peke yake ilileta kidogo tu, tena kwa kuyumba. Kundi lililopata fedha na bonasi kwa pamoja ndilo lililopanda wazi, zaidi ya jumla ya mafanikio ya yale mawili.

Kwa hiyo Kipanga uko sahihi nusu. Mwalimu asiye na kitabu wala chaki humuamshi kwa kumwahidi bonasi. Ila chaki bila mtu anayeuliza "mtoto huyu anasoma?" inaishia kabatini.

---

Mwalimu Mkuu Mstaafu

Hapo kwenye walimu wakuu umegusa mshipa. Nimeongoza shule tatu. Sikuwahi kufanyiwa usaili hata mmoja. Niliitwa ofisini nikapewa barua, nikaambiwa karipoti. Wenzangu wengi ni hivyo hivyo, wengine wazuri sana, wengine hata andalio la somo la mwalimu hawajawahi kulifungua.

Shule niliyoikuta mbovu kuliko zote ilikuwa na walimu wazuri. Tatizo ratiba ilikuwa ya ukutani tu. Kipindi cha kwanza kinaanza saa mbili kwenye karatasi, kwa kweli kinaanza saa tatu kasoro, maana mwalimu wa zamu bado anahesabu madumu ya maji. Chai inachukua saa nzima. Mchana watoto wa madarasa ya chini wameshaondoka. Ukijumlisha, mtoto analipiwa na serikali siku nzima na anafundishwa masaa mawili. Sikuongeza mwalimu wala kitabu, nilianza na kengele. Maji yakachotwa jioni na darasa la sita, mimi mwenyewe nikawa nasimama mlango wa darasa la kwanza saa mbili kamili. Kuna walioninunia mpaka nimehamishwa.

---

Njoro Kwetu

Salamu kutoka Nakuru. Nashangaa hakuna aliyemtaja Peter Tabichi. Huyu ni mtawa wa Kifransisko, mwalimu wa hisabati na fizikia pale Keriko Mixed Day, kijijini Pwani, huku kwetu Njoro. Shule ya kutwa, watoto karibu wote ni wa familia masikini, karibu theluthi ni mayatima au wa mzazi mmoja, kompyuta moja shule nzima. Alikuwa anatoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia. Mwaka 2019 akashinda tuzo ya mwalimu bora duniani kule Dubai, dola milioni moja. Wanafunzi wake wa klabu ya sayansi walifika mashindano ya kimataifa Arizona. Sasa mtu asitumie umaskini kama kisingizio!

---

Mzee wa Chaki

Ndugu yangu wa Njoro, namheshimu sana Tabichi, na wala sitaki nionekane nampunguzia. Ila huwezi kuandika waraka wa serikali unaosema "walimu wote watoe asilimia 80 ya mshahara". Akihama kesho, Keriko inabaki na nini? Hilo ndilo swali langu kwa kila hadithi ya shujaa.

Kenya mlikuwa na kitu ambacho mimi nakionea wivu zaidi ya tuzo ya Dubai, nacho ni Tusome, ule mpango wa kufundisha kusoma. Hebu tueleze wewe uliye huko.

---

Njoro Kwetu

Haya basi. Tusome ilianza 2015, shule zote za msingi za umma, Kiswahili na Kiingereza madarasa ya chini. Kila mtoto kitabu chake, si watoto watano wanavutana kitabu kimoja. Mwalimu anapewa mwongozo, somo la leo limeandikwa hatua kwa hatua. Halafu wale maafisa wa mtaala wa eneo, CSO, wakapewa tableti. Anaingia darasani, anakaa nyuma, anaangalia somo, kisha anaita watoto kadhaa wamsomee, tableti inahesabu maneno kwa dakika. Nauli yake ilikuwa inalipwa kulingana na madarasa aliyotembelea kweli, na tableti ilikuwa inajua alikuwa wapi. Ukisema ulifika shuleni na ulikuwa unakunywa chai sokoni, imekula kwako.

Mama yangu mdogo alifundisha kipindi hicho. Mwanzo alilalamika kwamba wanamfanya roboti, kila neno ameandikiwa. Mwaka wa pili alikuwa ameacha kulalamika, maana kwa mara ya kwanza alikuwa na jioni yake. Maandalio yalikuwa yameshaandaliwa.

---

Mama Wawili

Mimi si mwalimu, ni mzazi. Naomba niseme ninachokiona shuleni kwa wanangu, jina la shule silitaji.

Darasa la saba wako kambini kujiandaa na mtihani wa mwisho tangu mwezi wa tano. Wazazi tumechanga mahindi, maharage, fedha ya mpishi, fedha ya mitihani ya kila wiki. Walimu wazuri wote wamepelekwa darasa la saba. Mwanangu mdogo yuko darasa la pili, mwalimu ni mmoja, naye mara nyingi yuko kambini kusahihisha. Nilimpa mtoto kitabu chake asome, akasoma ukurasa mzima bila kukosea. Nikafurahi. Nikaweka kidole kwenye neno la katikati, nikamuuliza hili ni nini. Kimya. Alikuwa amekariri kutoka darasani wanavyoimba!

Sasa huyu naye akifika la saba ataingia kambini. Tunalipa kambi ili kurekebisha kitu ambacho kingefanyika bure darasa la kwanza.

---

Kipanga wa Bara

Mama Wawili umeniua. Hiyo ya kidole nimeijaribu sasa hivi kwa mpwa wangu. Sitasema matokeo.

---

Mzee wa Chaki

Jaribio la Mama Wawili lina thamani kuliko ripoti nyingi. Wale wa utafiti unaoitwa Uwezo walipoanza kupita nyumba kwa nyumba miaka ile ya 2010 hadi 2012, walikuta takribani watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu wanaweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Ni Kiswahili hicho, lugha wanayofundishiwa.

Na kuhusu kambi, serikali ikikupima kwa mtihani wa darasa la saba, utapeleka nguvu darasa la saba. Mwalimu mkuu hana kosa hapo, anafuata kipimo. Sobral walihamisha kipimo kikaenda chini, na walimu wazuri wakafuata. Bonasi iko darasa la pili, sifa ziko darasa la pili. Kwetu kupangiwa darasa la kwanza bado ni kama adhabu, wanapewa wapya na wale waliogombana na uongozi.

---

Chambua Chuya

Nimesoma kimya sasa nimechoka. Mnasifia bonasi na mitihani kana kwamba hamjui binadamu. Ukimlipa mtu kwa matokeo atatengeneza matokeo. Tumeona watoto wanaokaririshwa majibu, wanaorudishwa darasa ili wasiharibu wastani, wanaoambiwa siku ya mtihani wabaki nyumbani. NECTA wenyewe mwaka 2023 waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, mnadhani ni kwa nini? Na Sobral nao wanasemwa hivyo hivyo, kwamba shule zao zimebanwa kwenye lugha na hisabati na mengine yamesahaulika.

---

Mzee wa Chaki

Chambua, hoja yako ni ya kweli na Wabrazili wenyewe wanaijadili. Nakubaliana kwamba shule inayofundisha kusoma na hesabu tu ni shule yenye njaa. Siwezi kukubali upande wa pili, kwamba kwa hiyo tusipime. Mtoto asiyesoma hana historia wala sayansi wala kitu.

Ila angalia walivyoziba mianya. IDEB haiangalii alama peke yake, inazidisha alama na kiwango cha watoto wanaovuka darasa. Ukirudisha watoto wako dhaifu ili wastani upande, alama yako inashuka upande wa pili. Wapimaji wa Sobral hawatoki shule inayopimwa. Na jimbo zima la Ceará lilipochukua mfumo huo mwaka 2007, likiongozwa na Cid Gomes aliyekuwa ameshakuwa gavana na Izolda Cela kwenye elimu (huyu mama naye alikuja kuwa gavana mwaka 2022), walifanya mambo mawili ambayo ningependa wizara yetu iyasome mara mbili.

La kwanza ni kodi. Sehemu ya kodi ya mauzo ya jimbo hurudi kwa manispaa. Wakabadili sheria, asilimia 18 ya fungu hilo ikawa inagawanywa kwa kuangalia matokeo ya elimu. Ghafla meya ambaye hajawahi kuuliza habari ya darasa la pili anampigia simu afisa elimu, maana barabara yake inategemea watoto wanaosoma. Siasa ile ile iliyokuwa inaharibu shule ikaanza kuisukuma.

La pili ndilo linalokujibu. Shule zilizofanya vizuri zinapewa zawadi ya fedha, ila hazipewi yote. Kila moja inakabidhiwa shule iliyofanya vibaya, inaisaidia, na sehemu iliyobaki ya zawadi inatoka ile dhaifu ikipanda. Linganisha na kwetu, ambapo shule ya kwanza kiwilaya inapewa ngao na mbuzi, ya mwisho inapewa kinyago, na hakuna aliyemwambia wa kwanza akamfundishe wa mwisho.

---

Chambua Chuya

Hiyo ya kushikana mikono nimeikubali. Bonasi bado naipinga. Mpeni mwalimu nyumba na mshahara unaotosha, muone kama atahitaji 5,000 ya kila kichwa.

---

Mwalimu Mkuu Mstaafu

Na chakula, jamani, msikiruke. Kule Brazili chakula cha shule ni sheria, na sheria ya mwaka 2009 iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha ya serikali kuu ya chakula hicho inunue mazao ya wakulima wadogo. Mtoto anakula, na baba yake ameuza maharage. Hapa kwetu mzazi anaombwa debe la mahindi, mwezi wa tatu ghala limeisha kijiji kizima, uji unakata, na mahudhurio yanakata siku hiyo hiyo. Nilikuwa naangalia daftari la mahudhurio najua uji uliisha lini bila kumuuliza mpishi.

---

Ticha wa Darasa la Pili

Shikamooni wakubwa. Mimi ni ajira mpya, nipo huku pembezoni, nimepangiwa darasa la pili. Watoto 112, madawati 24. Wachache wanasoma vizuri, wengi hawajui hata irabu. Siwezi kubadilisha kodi wala walimu wakuu. Kesho asubuhi naanzaje?

---

Njoro Kwetu

Marahaba ticha. Usianze na ukurasa wa kwanza wa kitabu. Wale wa shirika la Pratham kule India wamefanya hivi miaka mingi na hata Zambia wamechukua: sahau darasa, panga kwa kiwango.

Chukua karatasi moja. Juu andika herufi kumi, chini yake maneno mafupi kumi, chini zaidi aya moja, nyuma kihadithi. Ita mtoto mmoja mmoja wakati wengine wanaandika. Anza na aya. Akishindwa shuka kwenye maneno, akishindwa shuka kwenye herufi. Kila mtoto hazidi dakika mbili. Wiki itaisha lakini utawajua wote.

---

Mwalimu Mkuu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Naongezea kwa ya Njoro. Ukishawapanga, tenga saa moja kila siku, ile ya asubuhi kabla joto halijapanda, na isiguswe na gwaride wala mgeni. Wa herufi kaa nao wewe mwenyewe. Hao usimpe kiranja. Wa maneno wape kadi, kata maboksi ya sabuni, andika silabi kwa makapeni, wajenge maneno chini sakafuni, na madawati 24 hayatakuwa tatizo. Wanaosoma hadithi wasome wawili wawili nje mahali unapowaona. Kila baada ya wiki tatu nne pima tena, anayepanda mhamishe kundi siku hiyo hiyo, mbele ya wenzake.

Na nenda kwa mwalimu mkuu wako kabla hujaanza. Mpelekee ile orodha ya majina na viwango, usimpelekee malalamiko. Akikuuliza mtaala utaumaliza lini, mwambie aje akae nyuma ya darasa saa hiyo moja tu, achague mtoto yeyote, amsomeshe.

---

Ticha wa Darasa la Pili

Shukrani sana. Makapeni ninayo mawili. Swali la mwisho: wale wanaokuja mara mbili kwa wiki tu kwa sababu ya kuchunga, niwaweke kundi gani?

---

Mama Wawili

Waweke kundi lao la kiwango kama wengine, halafu nenda kwa mama zao. Usiende na barua ya mtendaji. Nenda na ile karatasi, mama amsikie mwanawe anavyosoma, au asivyosoma. Mimi mtendaji angenitisha ningetafuta sababu. Kidole kwenye neno la katikati ndicho kilichonifanya nifike shuleni Jumatatu.